Neno Latangulia, Sauti Yafuata: juu ya Kanon Pokajanen ya Arvo Pärt

Diski tunayotaka kuizungumzia imetoka mbali na kwetu, tena imeimbwa kwa lugha ambayo wachache sana kati yetu wameisikia hata mara moja. Lakini tumeisikiliza mara nyingi, wakati wa Kwaresima na nje ya Kwaresima, na twaona ina jambo la kuwaambia watu wenye kazi ya kuimbisha makanisani mwetu, tena jambo zito. Ni Kanon Pokajanen, maana yake Kanuni ya Toba, ya mtungaji Arvo Pärt wa Estonia. Waimbaji ni korali ndogo iitwayo kwa lugha yao Eesti Filharmoonia Kammerkoor, na msimamizi wao ni Tõnu Kaljuste, ambaye ndiye aliyeianzisha korali hiyo mwaka 1981. Waliimba mbele ya mikro mwezi wa Juni 1997, katika jengo la Mtakatifu Nikolasi, waliitalo Niguliste, mjini Tallinn. Diski mbili zikatolewa mwaka 1998 na nyumba ya ECM ya Ujerumani. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, hakuna zeze. Ni sauti za watu tu, kwa muda wa saa moja na dakika ishirini na zaidi.

Kwanza tuondoe mashaka ya neno. Hapa kanuni si sheria za Kanisa, wala si Kanuni ya Misa. Kwa ndugu zetu wa Mashariki kanuni ni utenzi mrefu wa sala ya asubuhi, wenye sehemu tisa ziitwazo ode, na kila ode imejengwa juu ya wimbo mmoja wa Maandiko Matakatifu. Ode ya kwanza yafuata wimbo wa Musa nyuma ya kuvuka bahari (Kut. 15); ya tatu, wimbo wa Ana mama wa Samweli; ya nne, sala ya Habakuki; ya tano, wimbo wa Isaya; ya sita, kilio cha Yona tumboni mwa samaki; ya saba na ya nane, vijana watatu katika tanuru ya moto; ya tisa, wimbo wa Bikira Maria na ule wa Zakaria. Ode ya pili huachwa, maana msingi wake ni wimbo mkali wa Musa ulio katika Kumbukumbu la Sheria sura ya 32, nao hutumika wakati wa Kwaresima tu. Basi msikilizaji asishangae akiona hesabu inaruka kutoka moja hadi tatu. Diski yake haina kilema.

Maneno yenyewe huhesabiwa kuwa ya Mtakatifu Andrea wa Kreta, askofu wa karne ya 7 na ya 8, ambaye hata sisi Walatini twamkumbuka tarehe 4 Julai. Huu si ule utenzi wake mkubwa uitwao Kanuni Kuu. Ni mfupi zaidi, na waumini wa Mashariki huusali hata nyumbani, wanapojitayarisha kuungama na kupokea Komunyo. Mpango wake wastahili kutazamwa na kila mwanafunzi wa liturjia. Ubeti wa kwanza wa kila ode huanza na matendo ya Mungu: alivyookoa, alivyo mtakatifu, alivyo mwamba. Ndipo katika beti zifuatazo mkosefu anafungua kinywa na kutaja uchafu wake, na kati ya beti ombi fupi la huruma hurudi na kurudi. Mwisho huja sifa ya Utatu na neno kwa Mama wa Mungu. Mkosefu hasemi «sisi», asema «mimi». Korali nzima, watu wengi, wanasema «mimi».

Mapadri wenzetu watakumbuka mara moja Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Humo tendo la kutubu halikuwekwa mlangoni, bali nyuma ya masomo na mahubiri: taifa la Mungu lisikie kwanza alivyotenda Bwana, kisha liinamishe kichwa, mikono imekunjwa juu ya kifua. Wale wazee wa Mashariki na maaskofu wetu hawakupatana shauri, lakini wamefika pahali pamoja. Toba haianzi na mtu kujitazama mwenyewe.

Lugha ya kanuni hii ni Kislavoni cha Kanisa. Ndiyo lugha ambayo Watakatifu Sirili na Metodi, ndugu wawili Wagiriki wa Tesalonike, waliitafutia herufi katika karne ya 9, kusudi Waslavi wasikie Injili na kusali kwa maneno yao wenyewe. Leo hakuna mtu anayeisema nyumbani wala sokoni. Imebaki ya altare, kama Kilatini kwetu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza watakatifu hao wawili kuwa wasimamizi wa Ulaya mwaka 1980, akaandika barua juu yao mwaka 1985. Katekista aliyewahi kukaa usiku kucha akitafuta neno la lugha ya kijiji kwa «neema» au kwa «wokovu» anawajua watakatifu hawa kuliko profesa.

Juu ya mtungaji tuseme machache. Arvo Pärt alizaliwa mwaka 1935, na nchi yake ilimezwa na Umoja wa Sovieti alipokuwa bado mtoto. Mwaka 1968 wimbo wake Credo ulipoimbwa mjini Tallinn wakubwa wa serikali walikasirika, maana mtu alikuwa amethubutu kumkiri Kristo waziwazi mbele ya watu. Ikafuata miaka ya kutunga kidogo sana, akijifunza wimbo wa Gregori na nyimbo za kale za sauti nyingi. Mwaka 1972 aliingia katika Kanisa la Orthodoksi. Mwaka 1976 akatoka katika kimya chake na namna mpya ya kutunga. Mwaka 1980 akaihama nchi. Sisi Wakatoliki hatukumwona mgeni: Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimwita katika Baraza la Kipapa la Utamaduni mwaka 2011. Na kanuni hii yenyewe ilitungwa kwa ajili ya miaka 750 ya kanisa kuu la Köln, kanisa la Kikatoliki, nayo iliimbwa humo kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 1998.

Ile namna mpya aliipa jina la Kilatini, tintinnabuli, yaani kengele ndogo. Waseminari wanaojua solfa wataifahamu upesi. Chukua sauti mbili. Ya kwanza yatembea hatua kwa hatua juu ya ngazi, re, mi, fa, sol, kama mtu anayekwenda kwa miguu. Ya pili hairuhusiwi kutembea. Ina noti tatu tu, re, fa, la, kama kengele zilizotundikwa pahali pamoja, na kila mara mwenzake akipiga hatua, yenyewe yapiga kengele iliyo jirani. Mara zapatana, mara zagongana kidogo, mara zaachana. Kanuni yote, toka mwanzo hata mwisho, yakaa katika re ya huzuni. Mtu akisomewa hayo atasema: huu ni umaskini. Naam, ni umaskini, kama wa mtawa aliyeuza vyote.

Sasa tumefika penye jambo lenyewe. Kama sauti zimefungwa hivyo, nani basi anaamua noti ipande au ishuke, iwe ndefu au fupi? Ni neno. Pärt alikaa na maneno hayo zaidi ya miaka miwili, naye ameeleza kwamba alitaka neno lijipatie sauti yake lenyewe. Hesabu ya silabi yaamua mwendo. Mkazo wa neno waamua uzito. Koma yaleta pumziko, nukta yaleta kimya kirefu zaidi, na kimya hicho kimeandikwa kama sehemu ya wimbo, si nafasi ya kukohoa. Hakuna neno linalovutwa kwa sababu melodia ilikuwa tamu, wala linalokatwa kwa sababu kipimo kimekwisha. Ukiyageuza maneno hayo katika Kifaransa au Kiswahili, muziki wote utavunjika, itakubidi utunge upya. Tumeimba nyimbo nyingi maishani ambazo zingeweza kubadilishiwa maneno yote asubuhi na jioni bila mtu kutambua. Hapa haiwezekani.

Ndipo tunaona kazi ya korali. Ufundi wao ni mkubwa, lakini hawauonyeshi, nao ni ufundi wa aina ya taabu: kushika noti moja ya chini kama nguzo bila kutetemeka, kuingia wote pamoja kutoka katika kimya bila kinanda cha kuwakumbusha sauti, kutamka konsonanti nzito za Kislavoni kwa wakati mmoja hata zisikike kama za kinywa kimoja. Ode ya kwanza huwapokea wasikilizaji kwa nguvu, karibu kwa kishindo, maana habari ni ya bahari na Farao. Na mara mkosefu anapoanza kusema, sauti zaanguka, chache, karibu na nchi. Badiliko hili hurudi katika kila ode na Kaljuste hakubali kulifanya liwe la mchezo wa jukwaani. Haongezi machozi. Anawaacha watu waseme yaliyoandikwa. Vipande viwili vifupi vilivyo katikati, vinavyofuata ode ya sita, yaani kontakio na iko, ndivyo twavipenda kuliko vyote: cha kwanza kinaihoji roho mbona inajitajirisha kwa dhambi, cha pili kinaikumbusha saa ya kufa. Kila kimoja chachukua muda wa dakika tatu hivi, na hapo msimamizi ameshusha kila kitu hata mtu hujiona kana kwamba anasemeshwa peke yake.

Juu ya saa ya kufa, pahali palipoimbwa pana maana yake. Niguliste ilijengwa katika karne ya 13. Mwezi wa Machi 1944 mabomu yaliiteketeza. Baadaye ilijengwa tena, lakini haikurudi kuwa nyumba ya sala. Ni makumbusho na ukumbi wa muziki. Ndani yake kumehifadhiwa kipande cha picha maarufu ya Bernt Notke, ya mwisho wa karne ya 15, ionyeshayo Kifo kikicheza ngoma na wanadamu. Kinamshika Papa mkono, kinamshika mfalme mkuu na mke wake, kinamshika kardinali, kinamshika mfalme. Picha hiyo ilikuwa ndefu zaidi, iliyobaki ni urefu wa mita saba na nusu hivi, na Kifo kimebaki na wakubwa tu. Hatujui neno la kuongeza kwa watu wanaoimba toba ndani ya nyumba ya namna ile.

Pamoja na hayo yote tuna manung'uniko yetu, na wasomaji wana haki ya kuyasikia.

La kwanza ni usafi wenyewe. Sauti za juu za wanawake zimetakata mno. Hazina mkwaruzo, hazina pumzi, hazina uzee. Tunafikiri juu ya mama wazee wa vituo vyetu wanaoanzisha wimbo wa Njia ya Msalaba kwa sauti iliyochoka na shamba na jua, nasi twauliza: nani kati ya hawa wawili anamkaribia yule mtoza ushuru aliyesimama mbali akijipiga kifua? Mwangwi wa jengo, ambao ECM hupenda kuutunza, unazidisha jambo hili. Unafunika kila pembe kwa mafuta. Pahali pengine, hasa katika beti za haraka za ode ya tatu na ya nne, tungependa kusikia neno likiwa kavu, linachoma. Mtu atatujibu kwamba korali yenyewe haikuwa ikiungama, ilikuwa ikifanya kazi yake, na kazi ya fundi ni kusafisha. Twakubali nusu.

La pili ni juu ya diski yenyewe, si juu ya waimbaji. Toba iliyotiwa ndani ya diski inaweza kusikilizwa na mtu aliyekaa katika kiti chake kizuri, na glasi mkononi, naye akasema: muziki huu unanituliza. Tumekwisha kusikia watu wakisema hivyo juu ya Pärt. Maneno yanamwambia kwamba anaelekea hukumu, naye anatulia! Tena jambo hili si la Wazungu peke yao wala la leo tu. Misa Luba ilizaliwa kwetu Kamina mwaka 1958, pamoja na Padri Guido Haazen, Mfransiskani, na vijana wake. Walipeleka sauti zao Ulaya mwaka uleule, diski ikazunguka dunia nzima, na nyuma ya miaka kumi Sanctus yake ikatumiwa katika sinema ya Kiingereza juu ya vijana waasi wa shule. Sauti ikitengana na altare, hakuna ajuaye itakapolala.

Hata hivyo, tukiziweka diski hizi mbili pamoja twajifunza. Vijana wa Kamina walichukua maneno ya Kilatini wakayamimina katika melodia za nyumbani: Sanctus ile imetoka katika wimbo wa kuagana wa Kiluba. Kwao wimbo ulitangulia, nao ulikuwa na damu. Kwa Pärt neno limetangulia. Mtaguso wa Vatikano wa pili, mwaka 1963, ulifundisha mambo yote mawili katika hati juu ya liturjia: kwamba heshima ya wimbo mtakatifu imetokana hasa na kufungwa kwake na maneno, na kwamba mapokeo ya muziki ya mataifa yapewe nafasi. La pili tumelishika kwa mikono miwili, tena kwa furaha. La kwanza, twaogopa, limeangukia njiani.

Maana tutazame vitabu vyetu vya nyimbo. Nyingi za zamani zilichukua melodia za Kifaransa. Sasa Kifaransa huweka uzito wake penye silabi ya mwisho, ndiyo sababu melodia zake hutua kwa nguvu penye noti ya mwisho. Kiswahili huweka mkazo penye silabi inayotangulia ya mwisho. Matokeo yake kila mtu anayasikia, ila tumekwisha kuyazoea: mwokoZI, msalaBA, utuhurumiE. Mama hawezi kumwita mtoto wake namna hiyo. Lakini Mwokozi tunamwita hivyo kila Dominika. Katika Kiluba na lugha nyingine zenye toni shida ni kubwa zaidi, maana sauti ikipanda pasipotakiwa, neno linakuwa neno lingine, na wazee walio nyuma wanacheka chini chini. Na nyimbo mpya je? Hizo zimeponyoka katika Kifaransa, zimeingia katika kinanda cha umeme. Mtungaji anaanza na mpigo uliomo ndani ya kinanda, kisha anatafuta maneno ya kuujaza, na yakipungua anaongeza «aleluya». Vipaza sauti vinafanya yaliyobaki.

Hatusemi korali zetu ziimbe kama Waestonia. Mungu apishe mbali! Upole ule wa theluji si wetu, na parokia ikiimba saa moja na nusu katika re ya huzuni, padri atabaki na makarani wawili. Wala hatusemi tufukuze ngoma. Tunachosema ni kwamba mwenye kutunga zaburi ya Kiswahili angeweza kufanya kama huyu mtungaji alivyofanya: aisome zaburi kwa sauti mara ishirini, ahesabu silabi, atie alama penye mkazo, aheshimu koma na nukta, kabla hajagusa kinanda hata mara moja. Kiswahili kimejaliwa jambo ambalo Kislavoni hakina: mkazo wake, katika maneno karibu yote, wajulikana pahali pake bila kubahatisha. Mseminari wa mwaka wa kwanza aweza kuuonyesha kwa kalamu. Na korali ya watu wanane, bila kinanda, yaweza kuiimba zaburi ya namna hiyo kijijini penye giza la stima, ambapo korali kubwa na vyombo vyake ingekaa kimya.

Kwa wale watakaoipata diski, twatoa shauri moja juu ya kuisikiliza. Wasiimalize kwa mara moja. Tumejaribu, na kutoka ode ya saba masikio yanasinzia hata kama roho yataka. Wachukue ode moja kwa jioni. Kwanza mmoja asome wimbo wa Maandiko ulio msingi wa ode ile, kisha maneno ya ode yenyewe katika tafsiri, polepole, kisha diski. Kontakio na iko viende pamoja na ode ya sita, jioni ya Yona. Sala inayofuata kanuni iwekwe jioni yake peke yake, na mtu azime taa mbele haijaanza.